Ushahidi wa Mama Nakijwa

Wamesimulia watu wa kuaminika wa usharika wa Mghoreni, katika milima ya Upare, nami nimelithibitisha neno lao kwa mjukuu wake mwenyewe, kwamba zamani za Waingereza alikuwako mjane mcha Mungu aitwaye Nakijwa, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaribu kwa jaribu ambalo mimi ninayewasimulia sijui kama ningelishinda.

Mama huyu hakuwa mtu wa kujulikana mbali. Alizaa watoto watano, wanne akawazika wangali wadogo, na wawili kati ya hao walifariki katika juma moja la surua. Mumewe alichukuliwa vitani asirudi. Ililetwa barua tu, mchungaji akaisoma uani pake, naye akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda kuwapa mbuzi majani kwa sababu walikuwa wanalia. Katika watu wote wa nyumba ile alibakiwa na mmoja, kijana wake Yonazi. Kwa ajili ya Yonazi ukoo wa mumewe ulimwacha aendelee kulima shamba la marehemu, kwa maana shamba lilikuwa na mrithi.

Hakujua kusoma. Lakini zaburi alizishika kwa masikio, na waliopita njiani wakati wa palizi walimsikia akizisema kutoka katikati ya maharage. Kila Jumamosi alifagia kanisa, ambalo wakati huo lilikuwa bado limeezekwa kwa nyasi, kisha akafua kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana na kukianika peke yake, mbali na nguo nyingine. Wala msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa waliochelewa ibadani, na kuku wako akiingia kwenye maharage yake aliweza kukununia mwezi mzima.

Yonazi alikuwa kijana mrefu, mchapakazi, mwenye sauti nzito iliyoibeba kwaya nzima. Ila alikuwa na hasira. Ilikuwa ikimjia ghafla, na ikimtoka alikaa kitako akalia kama mtoto, akaomba radhi kwa kila mtu. Mama yake aliiombea hasira hiyo tangu Yonazi alipokuwa mdogo. Alipooa binti wa bonde la pili aitwaye Namsifu, na Mungu akawajalia mtoto wa kike, Penieli, Nakijwa alidhani maombi yake yamesikiwa, maana kijana alitulia. Penieli akawa ndiye furaha ya bibi yake. Alimbeba mgongoni hata alipofikisha miaka minne, na watu walipomcheka alijibu kwamba mgongo ni wake.

Ikawa mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha. Mghoreni watu humwagilia kwa maji ya ndiva, yaani bwawa wanalokusanyia maji ya kijito, nayo hufunguliwa asubuhi na kushuka kwa mfereji, kila nyumba kwa zamu yake. Mwaka ule kila zamu ilikuwa fupi. Mahindi ya Yonazi yalikuwa yamefika kutoa mbelewele, na zamu yake ilikwisha maji yakiwa yamefika nusu ya shamba. Zamu ya siku ya pili ilikuwa ya jirani yao Zefania, kijana wa umri wake, ambaye alipata naye kipaimara siku moja. Yonazi akamwomba amwachie maji kidogo. Zefania akakataa, kwa sababu na yeye alikuwa na watoto na mahindi yake yalikuwa yamekauka vilevile.

Asubuhi ya zamu ya Zefania Nakijwa alikuwa juu, kwenye migomba, akikata majani ya mbuzi. Kutoka pale mfereji unaonekana wote. Alimwona Zefania ameinama anazibua mfereji kwa jembe. Akamwona mwanawe anashuka kwa haraka, panga mkononi. Hakusikia walichosemezana. Alimwona Yonazi akiinua panga na kumkata Zefania mkononi, akaliinua mara ya pili, na Zefania akalirusha jembe kujikinga, likampata Yonazi juu ya sikio. Akaanguka ndani ya mfereji.

Nakijwa alishuka mbio, akiteleza na kuinuka. Alipofika, Zefania alikuwa amepiga magoti, damu inamtoka mkononi, anasema, "Yonazi, amka. Yonazi, amka bwana." Mama akamtoa mwanawe majini, akamlaza mapajani. Kijana alimtazama, midomo ikacheza, lakini hakusema neno. Akakata roho hapohapo.

Zefania akaondoka kwenda kwa jumbe kujipeleka mwenyewe. Nakijwa akasikia sauti za watu wanakuja kutoka bondeni. Na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo lilikuja kumtesa. Mkono wa Yonazi ulikuwa bado umelishika panga. Akaufungua vidole, kimoja kimoja, akalitwaa panga, akalisuuza mferejini na kulificha ndani ya majani ya migomba. Baadaye akalipeleka nyumbani na kulichomeka darini, juu ya jiko. Alisema miaka mingi baadaye kwamba saa ile hakuwaza mahakama wala hakumwaza Zefania. Aliwaza tu kwamba watu wanakuja, na hakutaka wamkute mwanawe na panga mkononi.

Basi watu walimkuta Yonazi amekufa, mikono mitupu, mapajani mwa mama yake. Ndugu wa Yonazi walimkuta Zefania njiani, wakampiga vibaya kabla jumbe hajamwokoa. Kwa hiyo alipofikishwa bomani na kusema, "Alinikata kwanza, ona mkono," askari waliona mtu mwenye majeraha mwili mzima, na hakuna panga. Nakijwa alipoulizwa alijibu, "Nilimkuta ameanguka." Na kweli alimkuta ameanguka, lakini maneno yale yalikuwa nusu tu ya aliyoyaona.

Wakamzika Yonazi. Kwa muda wa miezi miwili Nakijwa hakuzisema zaburi shambani. Watu wakadhani ni huzuni, wakamwacha.

Ikafika Jumapili ya Sakramenti. Alikuwa amekwisha kukifua kitambaa kama desturi, akakitandika mwenyewe. Waumini wakaitwa, naye akaenda kupiga magoti pamoja na wenzake. Mchungaji Anania, mtu mzima mwenye haya na maneno machache, akapita na mkate. Alipofika kwa Nakijwa, mama alifumba mdomo, akainamisha kichwa. Mchungaji akasimama kitambo, kisha akapita. Baada ya ibada akamfuata nyuma ya kanisa, ambako mama alikuwa ameketi juu ya jiwe.

"Mama Yonazi, una nini?"

"Nina panga, mchungaji."

Mchungaji akadhani msiba umemvuruga akili. Akaketi chini, kwenye majani, na mama akamweleza yote, tangu migombani hadi darini. Alipomaliza, mzee yule akainua uso.

"Kesi ya Zefania inasikilizwa mwezi ujao," akasema. "Wakiona aliua kwa kukusudia, watamnyonga."

"Najua."

"Mimi siwezi kukuamuru, mama."

"Usiniamuru. Ukiniamuru, siku itakaponiuma nitasema nilifanya kwa ajili yako."

Hakwenda kwanza kwa askari. Aliona ni haki ndugu wasikie kwake kabla ya kusikia kwa wengine. Akamwita Mzee Mbonea, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, akamwita na mkwewe Namsifu. Wakakaa uani mchana. Namsifu alikuwa akimlisha Penieli uji. Nakijwa akawaambia alichokiona na alichokificha, na kwamba amekusudia kwenda kusema.

Mzee Mbonea hakupaza sauti. "Mama Yonazi," akasema, "mwanetu amekufa. Hana tena anachoweza kupoteza isipokuwa jina lake. Hilo ndilo unataka kumnyang'anya, wewe uliyemzaa?"

"Shemeji, Zefania pia amezaliwa na mtu."

"Mama yake na amlilie. Sisi wetu tumekwisha kumlilia." Akaongeza, "Na shamba hili unajua ulilikaliaje. Ulikaa kwa ajili ya Yonazi. Ukienda kumfanya Yonazi kuwa mkosaji mbele ya Wazungu, usije kuniuliza habari za shamba."

"Sitauliza."

"Na huyu mtoto?" Akamwonyesha Penieli. "Atakua akiitwa binti wa nani?"

Nakijwa akageuka. Akamtazama mkwewe, akitumaini neno kutoka kwake, liwe la kumkataza au la kumtia moyo. Namsifu aliinuka, akamchukua mtoto na bakuli lake la uji, akaingia ndani asiseme kitu.

Kesho yake asubuhi Nakijwa alilishusha panga darini, akalifunga kwenye gunia, akateremka mlima kwa miguu hadi bomani. Mchungaji Anania alikwenda naye, akitembea hatua chache nyuma. Askari aliyelipokea alimwuliza, "Mama, hili ni la nani?" Akajibu, "La mwanangu. Lilikuwa mkononi mwake."

Siku ya kesi alisimama mbele ya jaji, mkalimani pembeni, akashika Biblia ambayo hakuweza kuisoma, akaapa. Alieleza kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia vizuri. Akaulizwa kwa nini alilificha panga.

"Nilikuwa mama yake."

"Na sasa kwa nini umelileta?"

"Ningali mama yake," akasema. "Alipokuwa na miaka saba alimvunjia mwenzake kibuyu cha maziwa, nikamshika mkono nikampeleka akaseme. Alilia njia nzima. Leo hawezi kwenda, nimekuja mimi kumsemea."

Wasimulizi wanasema mkalimani alichelewa kuyatafsiri maneno hayo, ikabidi jaji amhimize. Zefania kizimbani aliweka uso wake juu ya mikono iliyofungwa pingu. Hukumu ilikuja siku ya tatu, kwamba aliua bila kukusudia, na afungwe miaka saba. Hakunyongwa.

Wapendwa, sisi walimu hupenda kuishia hapa. Tungesema mama akarudi nyumbani na moyo mweupe, watu wakamsifu Mungu. Lakini sivyo ilivyokuwa.

Alirudi akakuta Mzee Mbonea amekwisha kupima shamba, akamwachia nyumba na kipande kidogo cha kando ya jiko. Akamkuta Namsifu uani, vyombo vimefungwa, kaka zake wamekuja kumchukua. Penieli alikuwa amesimama kati ya mizigo, akamkimbilia bibi yake na kumkumbatia miguu. Namsifu akaja akamtoa.

"Mwanangu," Nakijwa akamwambia mkwewe, "niache niwe nakuja kumwona."

Namsifu hakumtazama usoni. "Usimfuate mtoto, mama. Ukimfuata nitakwenda mbali zaidi, hata nilipo usipajue."

Naye hakumfuata. Nilimwuliza mjukuu wake kama bibi hakushawishika hata siku moja, maana ni mwendo wa asubuhi tu kufika bonde la pili. Akaniambia kwamba bibi alifika mara moja hadi kwenye mteremko wa kijiji kile, akaona moshi wa nyumba, akakaa chini, kisha akarudi. Aliogopa kumpoteza kabisa.

Alichofanya ni kushona. Kila mwaka karibu na Krismasi alishona gauni kwa mkono. Kwa kuwa hakujua mtoto amefikia kimo gani, alimwita binti wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja na Penieli, akampimia yeye. Akampa gauni mwanamke aliyekuwa akienda soko la bonde la pili. Gauni likarudi, limekunjwa kama lilivyokwenda. Naye akamvisha mtoto yeyote asiyekuwa na nguo ya sikukuu. Mwaka uliofuata akashona tena. Magauni kumi na moja yalikwenda, na yote kumi na moja yakarudi.

Kanisani nako wanawake waliacha kukaa benchi lake. Mmoja wao akasema wazi kwamba mikono iliyosuuza damu ya panga haifai kufua kitambaa cha Bwana. Mchungaji Anania alitaka kumkemea, lakini Nakijwa akamzuia. Akakikunja kitambaa, akakikabidhi kwa yule mama, akamweleza ni sabuni gani isiyokifanya kiwe cha manjano. Kisha akaendelea kufagia, kwa sababu hakuna aliyeutaka ufagio.

Zefania akafunguliwa mwaka wa tano kwa mwenendo mwema. Siku ya tatu baada ya kufika kwao alikuja akasimama penye ua wa Nakijwa, kofia mkononi, amekonda.

"Hodi, mama."

Nakijwa alikuwa anapepeta mahindi. Hakusema karibu, wala hakumfukuza.

"Nimekuja kukushukuru, mama. Umenipa uhai."

"Usinishukuru," akasema. "Ukinishukuru, inakuwa kama nilikupa Yonazi. Mimi sikukupa. Wewe ulimchukua."

Zefania akapiga magoti pale nje ya ua. "Basi nisamehe."

Mama akaweka ungo chini. "Kila siku naomba niweze. Nikikuona hivi, nakuona na jembe. Leo sijaweza, mwanangu. Njoo tena."

Akaja tena baada ya mavuno. Akaambiwa vilevile, njoo tena. Akaja mwaka wa pili wake, na mara hii Nakijwa alimtazama mkono, akaliona kovu, akamwuliza kama linamwuma wakati wa baridi. Zefania akasema linamwuma. Mama akaingia ndani, akatoka na kigoda na bakuli la uji, akaviweka mbele yake. Hakutamka neno la msamaha. Lakini baada ya siku ile hakumwambia tena njoo, kwa kuwa Zefania alikuwa anakuja bila kuambiwa, akimtengenezea ua na kumpasulia kuni.

Miaka kumi na moja baada ya kesi ile, katika msimu wa baridi, msichana wa miaka kumi na mitano alipanda mlima wa Mghoreni akiuliza njia. Alikuwa Penieli. Alimkuta mwanamke mzee ameinama kwenye bustani ya kando ya jiko, anasema zaburi kwa sauti ndogo. Aliniambia kwamba alikuja na chuki, kwa maana alikuwa amelelewa na neno moja, kwamba bibi yake alimwuza baba yake kwa Wazungu. Akasema tu, "Shikamoo. Mimi ni binti wa Namsifu. Mama ni mgonjwa, anakuita."

Nakijwa alinyoosha mkono kumgusa uso, kisha akaurudisha, akaufuta udongo kwenye kanga. "Marahaba," akasema. "Ngoja nichukue nguo."

Namsifu alikuwa na uvimbe tumboni. Waganga wa hospitali ya misheni walikuwa wamekwisha kusema hawana la kufanya. Kaka zake walikuwa wamechoka, na wake zao walikuwa wakimletea chakula na kuondoka upesi kwa sababu ya harufu. Nakijwa aliingia, akafungua dirisha, akachemsha maji, akamwogesha mkwewe tangu kichwa hadi nyayo. Alikaa naye majuma matano. Alimgeuza, alimlisha, alimwimbia. Penieli, aliyekuwa akiteka maji na kupika, alingoja siku hizo zote asikie wawili hao wakisema habari ya baba yake. Hawakuisema.

Mchana mmoja Nakijwa alikuwa anamkanda mkwewe miguu kwa kitambaa cha moto, na Penieli ameketi nje kwenye kizingiti anachambua mchicha. Akasikia mama yake anasema, "Mama, lile panga nililinoa mimi."

Nakijwa akakichovya tena kitambaa majini.

"Asubuhi ile aliniambia, linoe vizuri, leo Zefania atanijua. Nililinoa. Nilijua anakokwenda, nikaogopa kumzuia kwa kuwa alikuwa amekwisha kunipiga juzi yake. Uliposema pale uani, nilijua unasema kweli. Ulinitazama. Nilitaka kusema, hata mimi naijua. Nikamwogopa Mzee Mbonea, nikawaogopa kaka zangu. Ukaenda peke yako." Akapumzika, maana pumzi ilikuwa fupi. "Nilikuchukia kwa sababu uliweza. Miaka yote hii nimemwambia mtoto kwamba ulimwuza baba yake. Magauni yako nilikuwa nayafungua, nayatazama, nayakunja tena."

Penieli alimwona bibi yake anatoka ndani. Alipita karibu naye bila kumwona, akashika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akarudi ndani, na Penieli akamsikia akisema, "Laiti ungaliniambia, mwanangu. Tungalilia pamoja."

"Utanisamehe, mama?"

"Wewe nilikusamehe siku ile mlipofunga mizigo. Ulikuwa mjane na mtoto, ungefanya nini? Mimi si wa kuombwa. Mwombe mtoto."

Akaitwa Penieli. Mama yake akaanza upya, akamwambia yote uso kwa uso. Sasa sikilizeni, maana hapa mjukuu huyu, aliyekuwa tayari mwanamke wa mvi aliponisimulia, alisimama na kufuta macho. Aliniambia kwamba hakumkumbatia mama yake. Alisema, "Nimesikia," akatoka, akaenda shambani, akalima kwa hasira mpaka jua likaanza kushuka. Siku iliyofuata alimhudumia bila kumsemesha. Siku ya pili, saa nne za asubuhi, Penieli akiwa kisimani, Namsifu akafariki katika mikono ya Nakijwa.

Penieli alipofika na ndoo kichwani alimkuta bibi yake anamfumba marehemu macho. Akapiga kelele, "Sikumwambia, bibi! Sikumwambia nimemsamehe!"

Nakijwa alimvuta akamkalisha chini, akamshika kichwa kifuani. Hakumdanganya kwamba mama yake alijua. Alimwambia, "Nami baba yako alinitazama pale mferejini, na sikumwambia chochote. Tutaishi nalo mimi na wewe." Wakalia hadi waombolezaji walipofika.

Baada ya maziko Penieli alifunga nguo zake akarudi Mghoreni na bibi. Mama huyu, ambaye aliwazika watoto wake wote watano, akaanza kulea tena akiwa na umri wa kulelewa. Alimfundisha mjukuu zaburi, na mjukuu akamfundisha herufi, ingawa bibi hakupita ile herufi ya kuanzia jina lake. Penieli akaolewa kutoka katika nyumba ile, akazaa wana wanne. Mzee Mbonea alifika kwenye arusi hiyo, akakaa mwisho wa ukumbi, akaondoka bila kuaga. Shamba hakulirudisha, wala Nakijwa hakuuliza.

Alifariki mzee sana, kitandani mwake, siku ya kawaida ya kiangazi. Katika siku zake za mwisho Penieli alimwuliza swali ambalo alikuwa amelibeba kwa miaka mingi.

"Bibi, ile kweli uliyoisema, ilikupa amani?"

Bibi akageuza uso kumtazama.

"Hapana," akasema. "Ilinipa nafasi ya kupiga magoti tu. Amani ya baba yako sijaipata, nakwenda kuitafuta kwa Bwana. Lakini mtu akiniuliza leo, nitamwambia vilevile nilivyoona."

Siku ya tatu akalala katika Bwana, na Penieli ndiye aliyemfumba macho.

Ndugu zangu, tumezoea kuwaambia watoto wetu kwamba msema kweli hulala vizuri. Mama Nakijwa alisema kweli, akakosa usingizi kwa miaka thelathini, akakosa shamba, akamkosa mjukuu wake katika miaka ya utoto isiyorudi. Hata hivyo mtu mmoja, Zefania, aliziona mvi zake mwenyewe kwa sababu ya mama huyu, na wana wa mtu huyo wana watoto sasa. Basi tusimwombe Mungu kweli iliyo nyepesi. Tumwombe mgongo wa kuibeba ile aliyotupa, na wale wanaoibeba peke yao katikati yetu, atufumbue macho tukae nao benchi moja. Mola ampokee mama yetu, yeye na mwanawe Yonazi, na mkwewe Namsifu, mahali ambapo hakuna wa kushuhudia juu ya mwenzake. Na sisi tuliobaki, aturehemu.